Tuteremshe Presha kwa Maisha Yetu ya Kila Siku

(Hotuba ya Kamati Ndogo ya Afya, iliyosomwa mbele ya wakazi wa kambi ya Dzaleka, Malawi, katika kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi. Tumeichapa hapa kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba kuwasomea wale waliobaki nyumbani.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wakimbizi,
Waheshimiwa wageni wetu kutoka serikalini na kwenye mashirika,
Ndugu zetu wenyeji wa wilaya ya Dowa,
Wazee wetu, akina mama, akina baba, vijana na watoto,



Kwanza kabisa tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Pili, tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Siku ya kumbukumbu ina mengi: kuna ngoma, kuna kwaya, kuna mpira wa vijana. Kwa hiyo tunajua kwamba hotuba ya ugonjwa si jambo linalosubiriwa kwa hamu. Hata hivyo tunaomba mtuvumilie kidogo, maana jambo lenyewe limo ndani ya nyumba zetu.

Mahali hapa tunapoketi palikuwa gereza la wafungwa wa siasa katika miaka iliyopita. Mwaka 1994 pakawa kambi, kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Burundi, Rwanda na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Kambi ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumepita 50,000. Wengi wetu tuliingia hapa tukiwa vijana wenye nguvu. Wakati ule tuliogopa malaria, kipindupindu na njaa, na tulikuwa na haki ya kuogopa. Lakini miaka zaidi ya 30 imepita. Waliokuwa vijana wameota mvi, na maradhi nayo yamebadilika. Sasa kuna ugonjwa unaoingia nyumbani bila homa, bila kikohozi na bila kuhara, ukakaa humo miaka, halafu siku moja ukamwangusha mtu.

Sisi tuliotoka Kivu tunauita tansio. Waliopitia Tanzania wanauita presha. Ndugu zetu wa Malawi wanasema BP. Vitabuni unaitwa shinikizo la damu. Majina ni mengi, ugonjwa ni mmoja.

KWA NINI TUMEAMUA KUSEMA

Katika kamati yetu kuna mzee mmoja ambaye wengi wenu mnamfahamu. Jina lake hatulitaji, lakini yeye mwenyewe ameturuhusu tueleze habari zake. Mzee huyu alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa kuamka mapema, si mnene, wala hakuwa mlevi. Siku moja alipimwa, akaambiwa presha yake ni 180 kwa 110. Akapewa dawa za mwezi mmoja na kuambiwa arudi zikikaribia kwisha. Alizimeza zote. Akajisikia vizuri. Basi akasema, "Nimepona," hakurudi tena.

Sisi wenzake tulijua. Tulikaa naye katika mikutano, tukamsikia akisema kwamba dawa zile ameziacha. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, "Mzee, twende pamoja ukapimwe tena." Tuliona ni mtu mzima, anajua mambo yake. Tuliona haya kumsemesha mkubwa wetu juu ya mwili wake.

Baada ya miezi kadhaa, asubuhi moja akiwa anafungua kibanda chake, mkono wa kulia ulilegea, spana ikamponyoka, mdomo ukapinda upande, maneno yakakataa kutoka. Ndicho kiharusi. Hakufa, tunamshukuru Mungu. Lakini mpaka leo mkono ule haushiki spana, na kibanda sasa kinaendeshwa na mwanawe aliyeacha shule. Ugonjwa wa mtu mmoja umebadilisha maisha ya nyumba nzima.

Tulipomtembelea na kumwomba radhi kwa kunyamaza kwetu, alitujibu polepole, neno moja moja: "Waambieni wengine." Ndiyo sababu tumesimama hapa.

PRESHA NI KITU GANI

Mnajua bomba la kisima chetu. Ukisukuma mkono wa bomba, maji yanapanda na kutoka kwa nguvu. Moyo nao ni bomba. Unasukuma damu katika mishipa mchana na usiku bila kupumzika. Nguvu ile ya damu kwenye kuta za mishipa ndiyo shinikizo la damu, na kila mtu mzima analo. Bila hilo hatungeishi. Ubaya ni pale nguvu inapozidi kwa muda mrefu. Mpira wa maji unaosukumwa kwa nguvu kupita kiasi huanza kuchakaa, kuwa mgumu na kupasuka mahali palipo dhaifu. Mshipa ukipasuka au kuziba katika ubongo, ni kiharusi. Moyo nao huchoka na kutanuka. Figo zinaharibika. Macho yanapoteza nuru.

Kipimo kina namba mbili. Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma. Namba ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo unapopumzika. Mtu akipimwa siku mbili tofauti, na kila mara namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, huyo ana presha ya kupanda. Kupimwa mara moja tu hakutoshi, isipokuwa namba ziwe kubwa mno. Mtu aliyepimwa akiwa ametoka kupanda kilima, au kugombana kwenye foleni, atapata namba ya uongo. Keti dakika 5 kwanza, nenda haja ndogo kabla, usivute sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia, egemeza mgongo, weka mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze wakati mashine inapima.

Sasa sikilizeni jambo lililo kubwa kuliko yote: presha kwa kawaida haiumi. Watu husema, "Mimi kichwa hakiniumi, sina presha." La, hasha! Wengi wenye presha hawasikii kitu chochote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilisema kwamba duniani kuna watu wazima zaidi ya bilioni moja wenye ugonjwa huu, na wanne katika kila watano hawapati matibabu ya kutosha. Sehemu kubwa hawajui hata kwamba wanao. Wengi wao wamo katika nchi maskini na za kipato cha kati. Kwa hiyo anayesema presha ni ugonjwa wa matajiri na wanene, anasema jambo la zamani.

KWA NINI SISI

Wengine hutuuliza: "Babu zetu walikula chumvi, wakaishi miaka mingi. Mbona sisi?" Kuna uchunguzi mmoja uliofanywa jirani zetu Kenya, nao unatufaa sana. Wataalamu waliwafuata watu wa kabila la Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Waligundua kwamba presha ya waliohama ilianza kupanda mapema mno, hata ndani ya miezi ya kwanza. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi zaidi, na wanapata kidogo madini ya potasiamu, yaani yale yaliyomo katika matunda, mboga, viazi na kunde. Uzito wao uliongezeka. Hata mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi kuliko ya wale waliobaki.

Hao walihama kwa hiari, kutafuta kazi, wakiwa na nchi yao. Sisi je? Tuliacha mashamba ya mihogo, migomba, maharage na maparachichi, tukaja kula kwa kununua au kwa mgao. Kule Fizi, Uvira au Ruyigi mtu alitembea kutwa; hapa kambi imebanana, kazi ni haba, tunakaa. Kisha kuna mawazo: ndugu waliopotea, barua isiyojibiwa, jina ambalo kila mwaka halipo kwenye orodha, na amri ya kutakiwa kurudi kambini iliyowakuta wenzetu wa mijini mwaka 2023. Hatuwezi kuondoa yote hayo leo. Lakini yapo mengine yaliyo mikononi mwetu, na hayo ndiyo tunayotaka kuyasema.

KWANZA: CHUMVI

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kilichosawazishwa. Hiyo ni chumvi yote: ya ugali kwa wanaotia, ya mboga, ya mkate, ya samaki.

Fanyeni hesabu, akina mama na akina baba. Nyumba ya watu wazima 6, kila mmoja gramu 5, ni gramu 30 kwa siku. Kwa siku 30 ni gramu 900. Kumbe pakiti ya kilo moja ingetakiwa ivuke mwezi mzima katika nyumba hiyo. Na kama mna watoto wadogo, ichukue muda mrefu zaidi, kwa kuwa mtoto anahitaji kidogo kuliko mtu mzima. Andikeni tarehe juu ya pakiti siku mnapoifungua. Ikiisha kabla ya mwezi kufika nusu, mnajua mko wapi. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala daktari.

Chumvi nyingine imejificha. Vile vidonge vya mchuzi tunavyoviita kibe, karibu nusu yake au hata zaidi ni chumvi. Mama anayetia chumvi kijiko kisha akatia kibe mbili ametia chumvi mara mbili bila kujua. Magadi na ile poda ya kulainishia maharage na sombe nayo ina sodiamu, kitu kilekile kilicho ndani ya chumvi na kinachopandisha presha. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya: yataiva upesi na magadi hutayahitaji. Samaki wa chumvi, wale makayabu, waloweke usiku kucha na kubadilisha maji mara mbili au tatu kabla ya kupika. Kama ulipika usipa uliokaushwa kwa chumvi, usitie chumvi nyingine kwenye sufuria.

Tunajua mtasema, "Chakula kitakuwa kama cha wagonjwa." Msipunguze yote siku moja. Punguzeni kidogo wiki hii, kidogo wiki ijayo. Ulimi ni kama mtoto, huzoea. Baada ya wiki chache chakula cha zamani utakiona kichungu kwa chumvi. Tieni kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya, limau na pilipili. Na kikopo cha chumvi kisikae mezani, kibaki jikoni. Ile inayobaki iwe chumvi yenye madini joto, kwa ajili ya watoto na akina mama wajawazito.

Katika vijiji vya China walifanya jaribio kubwa, likatangazwa mwaka 2021. Watu karibu 21,000 katika vijiji 600, wengi wao waliowahi kupata kiharusi, waligawanywa: nusu wakaendelea na chumvi yao, nusu wakapewa chumvi ambayo robo yake ni potasiamu. Wale wa chumvi mpya walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14. Chumvi hiyo sokoni kwetu haipo, na mwenye ugonjwa wa figo haimfai bila ushauri. Lakini somo ni letu: badiliko dogo katika sufuria liliokoa watu wa vijijini, maskini kama sisi.

PILI: MBOGA, MATUNDA NA KUNDE

Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walitangaza jaribio la kuwalisha watu chakula chenye mboga nyingi, matunda, nafaka zisizokobolewa sana, kunde na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Chumvi hawakuibadilisha, uzito haukubadilika. Wenye presha iliyopanda, namba yao ya juu ilishuka kwa wastani wa alama 11, na ilianza kushuka ndani ya wiki mbili tu.

Hapa kambini hatuna fedha za kununua maziwa kila siku. Lakini lengalenga, majani ya maboga, majani ya viazi vitamu, sombe, maharage, viazi vitamu, ndizi, papai, parachichi na maembe wakati wa msimu, hivi tunavijua. Nyumba isiyo na uwanja inaweza kuotesha mboga katika gunia lenye udongo na samadi, likamwagiwa maji yaliyosuuzia vyombo. Sombe ni mboga nzuri; tunayoiharibu ni sisi, kwa kuimiminia mawese mpaka inaogelea, kisha chumvi na kibe. Pimeni mawese kwa kijiko, msimimine kwa jicho.

Tahadhari: mwenye ugonjwa wa figo aulize kituoni kwanza, maana baadhi ya vyakula hivi vina potasiamu nyingi kwake.

TATU: KUTEMBEA NA UZITO

Mtu mzima anatakiwa atembee kwa haraka, hata pumzi ibadilike kidogo, dakika 30 kwa siku, siku 5 katika wiki. Kwa mwenye presha, zoezi la namna hii likiendelea linaweza kushusha namba ya juu kwa alama 5 au zaidi. Hapa akina mama watacheka, na wana haki. Wao wanabeba maji, kuni na mtoto mgongoni. Maneno haya hasa ni kwa akina baba tunaoanza bao asubuhi na kuliacha jua likizama. Hatusemi mliache bao, hata sisi wenyewe tunalicheza. Tunasema: kabla ya kuketi, nenda kisimani uchote ndoo mbili. Umemsaidia mkeo na umejisaidia mwenyewe.

Kwa aliyezidi uzito, kila kilo moja anayopunguza inaweza kushusha presha kwa alama kama moja. Kilo 5 si jambo dogo. Katika baadhi ya mila zetu unene ni heshima, ni dalili ya kutunzwa vizuri. Lakini tumbo lililotangulia mbele linaupa moyo mzigo.

NNE: POMBE NA TUMBAKU

Kachasu, lutuku, bia za dukani: pombe ya kila namna ikizidi hupandisha presha, na humfanya mtu asahau dawa. Asiyekunywa asianze. Anayekunywa apunguze, na aliye na presha kubwa ni afadhali aache kabisa. Tumbaku, iwe sigara au ugoro, huchakaza mishipa. Ikikutana na presha, hatari ya moyo na kiharusi huongezeka maradufu. Hatukuja kumhukumu mtu. Tunajua wapo wanaokunywa ili wapate usingizi. Lakini usingizi wa pombe hauponyi.

TANO: MAWAZO

Hapa hatutawadanganya. Hakuna anayeweza kumwambia mkimbizi, "Usiwaze." Mtu anaambiwa hivyo, anatoka nje, anawaza zaidi. Tunachosema ni kwamba mawazo ya kukaa nayo peke yako usiku ni mabaya kuliko yale uliyomweleza mwenzako. Kwaya, vikundi vya sala, vikundi vya akina mama wa kufuma, ukumbi wa vijana, hivi vyote ni sehemu ya tiba. Asiyelala usiku kwa wiki nyingi, au anayerudiwa na mambo aliyoyaona vitani, aende kwa washauri wa kituo. Huo si wazimu wala si aibu. Tena mtu asingoje mawazo yaishe ndipo atunze presha. Chumvi inaweza kupunguzwa hata na mtu mwenye huzuni.

DAWA HAZISHINDANI NA HAYA

Ndugu zetu, tusieleweke vibaya. Hatukusema mtu aache vidonge akale lengalenga. Wenye presha ya chini kidogo wanaweza kuirekebisha kwa chakula na mwendo, chini ya uangalizi. Wenye presha kubwa wanahitaji dawa, pamoja na mambo haya. Uchunguzi uliokusanya majaribio mengi ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu kwa alama 10 tu kunapunguza kiharusi kwa karibu robo. Jumlisheni wenyewe: chumvi, mboga, kutembea, uzito. Haba na haba hujaza kibaba.

Dawa za presha si kama za malaria, kwamba ukimaliza dozi umepona. Ni kama chakula cha kila siku. Ukijisikia vizuri, ujue ni kwa sababu dawa inafanya kazi. Usiache bila kuambiwa. Usimpe jirani vidonge vyako, wala usichukue vyake. Kila mtu ana dawa yake. Na wanaotumia dawa za mgongo na viungo, kama diklofenaki na ibuprofeni, wajue kwamba zikitumiwa mara kwa mara zinaweza kupandisha presha na kudhuru figo. Mwambieni mhudumu kila dawa mnayoimeza, hata ya kienyeji.

Mama mjamzito akiumwa sana kichwa, akiona ukungu machoni, akivimba uso na mikono, au akiumwa juu ya tumbo, asingoje kesho. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, kinachoua mama na mtoto. Kila mama ahudhurie kliniki na apimwe presha kila anapokwenda.

Na dalili za kiharusi kila mtoto wa shule azijue. Mwambie mtu atabasamu: mdomo umepinda? Mwambie ainue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Mwambie aseme sentensi: maneno yamevurugika? Mkiona hata moja, msimpeleke kwanza kwa mganga wa kupiga ramli, msimlishe wala kumnywesha kitu, angalieni saa ni ngapi, mkimbizeni kituoni.

JAMBO LINALOFICHWA

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wako miongoni mwetu wanaokataa kupimwa kwa sababu wanangoja safari ya kwenda nchi ya tatu. Wanaogopa kwamba wakionekana na presha, jina litafutwa. Tumelizungumza jambo hili na wahusika wa afya. Presha peke yake haimfuti mtu. Ile isiyotibiwa ndiyo inayoweza kuchelewesha siku ya kuondoka, kwa sababu msafiri anatakiwa awe na hali tulivu kabla ya kupanda ndege. Aliyejulikana mapema na kumeza dawa zake yuko mahali pazuri kuliko anayepatikana na 200 siku ya kupimwa. Na tujiulize: mtu akificha, akapata kiharusi hapa, hiyo safari ataifanya na nani?

TUNAYOAHIDI NA TUNAYOOMBA

Kamati Ndogo imekubaliana mambo matatu. La kwanza, wajumbe wote wa kamati tutapimwa sisi wenyewe kwanza, hadharani, na kila mwenye presha ataanza matibabu. La pili, kila mjumbe atafuata nyumba kumi za jirani zake, kuwakumbusha wenye presha siku ya kurudi kituoni, na kuwasindikiza wazee wasioweza kutembea. La tatu, vikundi vya akina mama vitafundishana kupika kwa chumvi kidogo, na katika sherehe za kambi chakula kitapikwa hivyo hivyo, kuanzia na cha leo. Mtakapoonja, msimlaumu mpishi, laumuni sisi.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, tunaomba kwa heshima. Wekeni meza moja ya kupima presha mahali tunapokusanyika kwa ajili ya mgao, maana huko kila mtu hufika, hata yule asiyekanyaga kituoni mpaka abebwe. Pale inapowezekana, mwenye presha iliyotulia apewe dawa za miezi miwili au mitatu kwa mara moja, apunguziwe safari. Wekeni mbegu za mboga katika hesabu zenu, hata kama ni kidogo. Na maelezo ya dawa yatolewe kwa lugha tunazozielewa: Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kichewa. Mzee wetu yule alielezwa, lakini hatuna hakika kama alielewa.

Ndugu wananchi wa kambi, hatukuja hapa tukiwa wataalamu. Sisi ni majirani zenu, na somo hili tumejifunza kwa kuchelewa. Tulimwona mwenzetu akiacha dawa, tukanyamaza kwa kumheshimu. Tangu sasa tunaomba heshima ibadilike: mdogo amuulize mkubwa, "Mzee, umepimwa lini?" na mkubwa asikasirike.

Mzee mwenyewe yuko hapa leo. Ameketi pale chini ya mti, mstari wa mbele, pamoja na mwanawe. Mkutano ukiisha, meza ya kupimia iko kushoto kwa jukwaa, na yeye ameomba awe wa kwanza kupimwa. Sisi wa kamati tutapanga mstari nyuma yake, na ninyi nyuma yetu.



Kamati Ndogo ya Afya